Sindano ya Gia Moja

Kwenye kituo cha magari ya mlimani kuna madereva kumi na wanne, na kumi na watatu kati yao wamewahi kumwomba Gia Moja aongeze mwendo. Hajaongeza. Ukijikuta nyuma yake wakati wa kushuka, ujue umekwisha: barabara ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili hakuna kitu, na mbele yako yupo mama wa miaka hamsini na sita aliyeketi wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho, gari linanguruma kwa gia ya kwanza, na mguu wake hauna habari na breki. Piga honi ukitaka. Atakupungia mkono.

Jina hilo alipewa kwa kejeli, likamkaa kwa heshima. Kwa miaka ishirini na tisa amepandisha watu kileleni kutazama jua likizama na nyota zikitoka, akawashusha wote salama, na hajawahi kuunguza breki hata siku moja. Katika wale waliomcheka zamani, wawili wamewahi kugonga mwamba, na wa tatu aliliacha gari korongoni akarudi kwa miguu, akishukuru Mungu kwamba siku hiyo hakuwa na abiria. Siku hizi wanaocheka wanacheka kwa chinichini.

Hakuanza na usukani. Alianza na cherehani, kwenye chumba kidogo nyuma ya gereji ya kituo, akishona vitambaa vya viti na maturubai ya magari. Madereva walikuwa wanaingia humo kuota joto na kudanganyana, naye anasikiliza huku anakanyaga cherehani. Kuendesha alijifunza kwa kuyatoa magari nje na kuyarudisha ndani kila mvua iliponyesha, maana wenye kazi hiyo walikuwa hawataki kulowa. Mtu akimuuliza nani alimfundisha, anajibu kwamba ni uvivu wa wanaume.

Sindano ndiyo iliyomfanya awe dereva. Siku moja alipandishwa hadi kileleni kushona turubai la gari lililokuwa limepasuliwa na upepo. Aliketi juu ya jiwe, akatoa uzi, akalenga tundu la sindano, uzi ukapita pembeni. Akalenga tena, ukapita pembeni. Yeye, ambaye nyumbani anatunga uzi gizani huku anamgombeza mtu! Kwanza alicheka. Halafu akagundua kwamba mwili haumuumi popote, kichwa ni chepesi, moyo una furaha, na kama mtu angemuuliza hali angesema yuko salama salimini. Hapo ndipo alipoogopa. Akamgeukia dereva aliyetakiwa kuwashusha, aliyekuwa anapiga mluzi kwa raha zake, akamwambia atunge. Dereva alichoma hewa mara saba. Basi hawakushuka naye. Walingoja hadi gari la pili likaja, na dereva wake akatunga kwanza ndipo wakapanda.

Hewa ya kule juu ni chache, na ubaya wake ni kwamba haikuambii kuwa umelewa. Mkuu wa kituo wa wakati ule alikuwa mtu msikivu, akaiandika sindano kwenye kanuni: kabla ya kuondoka kituo cha kati kwenda juu, na kabla ya kuondoka kileleni kushuka, dereva atatunga uzi kwenye sindano ya kawaida ya kushonea mashati. Anapewa nafasi tatu. Akishindwa, haendeshi, hata akiwa nani. Mkuu huyohuyo akampa fundi cherehani usukani, akisema anayejiogopa ndiye anayefaa kushusha watu. Na sindano inatunzwa na Gia Moja, kwenye kikopo cha bati kilichokuwa cha dawa ya kikohozi. Kwa miaka kumi na moja sasa ni yeye anayewatahini madereva wapya, yeye na mwenzake mmoja wanayemwita Kofia.

Sasa tumfikie mkwe wake.

Huyu madereva walimwita Masafa, kwa kuwa alikuwa ameendesha malori ya safari ndefu kwa miaka tisa. Alikuwa bonge la mtu, mpole, mwenye vidole vinene kama ndizi, na alikuwa amemwoa binti wa pekee wa Gia Moja. Binti huyo sasa alikuwa na mimba ya miezi saba, na Masafa hakutaka kuendelea kulala barabarani wiki sita kwa mkupuo wakati mtoto wake anazaliwa. Nafasi ya dereva wa mlimani ilipotokea aliiomba. Nyumbani walifurahi, wakaona mambo yamenyooka: mtahini ni mama mkwe, kuna nini tena?

Kulikuwa na mengi. Kofia alikuwa amelazwa akitibiwa mgongo, kwa hiyo Gia Moja alibaki mtahini peke yake. Alikwenda kwa mkuu wa kituo wa sasa, bwana mmoja mfupi anayependa karatasi zilizonyooka, akamwomba amtafutie mtu mwingine wa kumtahini mkwewe. Mkuu akamjibu kwamba mwingine hayupo, na kwamba kama kuna mtu mmoja mlimani asiyeweza kupendelea, ni yeye. Gia Moja alitoka ofisini ametuna kwa sifa. Sifa nyingine ni mzigo, ila huujui uzito wake mpaka ufike kwenye kona.

Jaribio la kwanza, Masafa alipanda vizuri. Kushuka, akashuka kama anavyoshuka dereva wa lori mwenye breki za upepo: anaachia, anakanyaga, anaachia, anakanyaga. Kituo cha kati Gia Moja alishuka na chupa yake ya maji, akachovya kidole, akadondosha tone moja kwenye ringi ya mbele. Hicho ndicho kipimo chake cha breki. Tone likitulia, umeshuka kwa gia. Likichemka, umeshuka kwa breki, na siku breki hizo zitakapochoka hutakuwa na cha kuomba ila toba. Tone lilichemka, likaruka, likapotea. Akaandika: ameshindwa.

Jaribio la pili, tone lilitulia, lakini mambo yalikuwa yameshaharibika huko juu. Kileleni kuna majumba ya darubini, yale meupe yenye vichwa vya duara, na giza likishaingia haruhusiwi mtu kuwasha taa kubwa karibu nayo. Unatambaa na taa ndogo, unajua barabara kwa kuikariri. Masafa alifika kwenye kona ya pili, akaona weusi mtupu mbele ya boneti, roho ikamruka, akawasha taa kubwa. Zilikuwa sekunde tatu tu. Mtaalamu mmoja wa nyota alitoka nje na soksi, bila viatu, akaeleza kwa kirefu kwamba kulikuwa na nuru aliyokuwa akiikusanya tangu siku tatu nyuma, na kwamba dereva huyu ameimwagia beseni la maji. Gia Moja alimwomba radhi, kisha akaandika: ameshindwa.

Kanuni inampa mtu majaribio matatu.

Nyumbani mambo yakawa mazito. Masafa mwenyewe hakununa. Alikuja Jumapili kama kawaida, akamsalimia mama mkwe wake kwa adabu zote, akamtengenezea bawaba ya mlango. Huo ndio ubaya wa watu wapole, hawakupi hata nafasi ya kuwakasirikia. Aliyenuna ni binti. Alisimama jikoni kwa mama yake akiosha sufuria moja kwa robo saa, tumbo limegusa karo, mgongo ameugeuza.

Mwisho alisema, bila kugeuka, "Mama, angekuwa mtahini mwingine angempitisha."

"Mmojawapo angempitisha, ndiyo."

"Malori wamemwandikia. Wanamtaka tarehe mosi mwezi ujao. Atakuwa mbali siku nitakapojifungua."

Gia Moja akasema anajua. Binti akafunga bomba, akajifuta mikono.

"Unajua kila kitu," akasema. "Hongera."

Baba wa nyumba, mstaafu asiyependa ugomvi karibu na redio yake, alimwambia mkewe usiku ule kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, kwa hiyo asilegeze. Asubuhi akamuuliza kama kweli haiwezekani kulegeza kidogo. Ndivyo alivyo mzee huyo, methali zake hazilali siku mbili.

Na hapa ndipo Gia Moja alipofanya kosa lake, nami sitamfichia, kwa kuwa mwenyewe hakujificha. Asubuhi ya jaribio la tatu alifungua kisanduku chake cha kushonea, akachagua sindano moja ya kushonea makoti mazito. Kwa urefu ilikuwa karibu sawa na ile ya kanuni, kwa mng'aro sawa, ila tundu lake lilikuwa pana mara mbili. Akaiweka ndani ya kikopo, pembeni ya ile nyingine. Alijua kwamba kule juu, mara zote mbili zilizopita, Masafa alitunga kwenye nafasi ya mwisho, jasho linamtoka. Akajiambia kwamba vidole vya mkwewe ni vinene, kwamba sindano ya mashati haikutengenezwa kwa ajili ya vidole vya malori, kwamba haki si lazima ilingane kwa kila mtu. Akajiambia pia kwamba pengine hataitumia. Mtu akianza kujipa sababu tatu kwa jambo moja, jua hata moja haijamtosha. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: kwa miaka kumi na moja alikuwa amewakatalia waume za watu, na hakuwahi kukosa usingizi.

Siku hiyo walikuwa na abiria saba, walimu wa shule moja, wamejifunga makoti ya kuazimana. Masafa alikagua gari kabla hajaambiwa. Alipima upepo wa matairi, akatazama mafuta, akachungulia chini kwenye mabomba ya breki, akahesabu mablanketi na chupa za maji. Mtahini aliketi kiti cha mbele na ubao wake wa kuandikia magotini.

Kituo cha kati walisimama dakika arobaini kamili. Mwalimu mmoja wa hesabu alianza kulalamika. Jua haliwasubiri, akasema, na kwa hesabu zake wamebakiwa na muda mchache. Masafa alimjibu kwa utaratibu kwamba mwili nao una hesabu zake, unataka kuizoea hewa hii kabla ya kupewa ile. Akawaambia wote wanywe maji na watembee polepole. Mwanamke mmoja kichwa kilikuwa kinamgonga, Masafa akamuuliza mara mbili, akamtazama midomo isije ikawa imegeuka bluu, kisha akamshauri abaki kwenye ukumbi wa kituo hadi watakaporudi. Gia Moja aliandika hayo yote kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida. Sindano ya mashati, Masafa aliitunga mara ya kwanza, tap, kama fundi nguo. Baadaye mtahini alikuja kuambiwa kwamba kwa wiki nne kila jioni binti yake alikuwa anamkalisha mumewe mezani na sindano kama hiyohiyo, huku anamhesabia.

Wakapanda. Lami iliisha, ikaja changarawe, gari likapungua nguvu kama yanavyofanya magari yote kule, na Masafa hakulilazimisha. Alilitia gia ya nguvu, akaliacha lijikokote. Walifika wakati jua liko kiganja kimoja juu ya mawingu.

Walimu walishuka, wakanyamaza wote pamoja, jambo ambalo si rahisi kwa walimu. Mawingu yalikuwa chini yao, yametandazwa hadi mwisho wa macho, na kivuli cha mlima kimelala juu yake chenye ncha. Gia Moja hakuyaona hayo. Saa ya jua kuzama yeye daima huwa amepiga magoti kwenye changarawe na tochi, anakagua mawe yaliyokwama kwenye matairi. Siku hiyo alikuwa anamkagua anayekagua.

Jua likazama. Zuhura akatokea peke yake, kisha wengine wakamfuata kwa makundi. Baridi ikaja kama mtu aliyefungua mlango. Baada ya nusu saa mtahini akamwita dereva nyuma ya gari, mbali na walimu, akawasha tochi nyekundu isiyowaudhi wenye darubini.

Alimtazama usoni kwanza. Macho ya Masafa yalikuwa mekundu. Usiku uliopita hakuwa amelala, na asiyelala mlima humjua. Gia Moja aliingiza vidole kwenye kikopo. Vidole vya fundi cherehani havihitaji macho. Vilikwenda moja kwa moja kwenye sindano ya makoti, vikaitoa. Akampa na uzi.

Masafa aliishika, akaisogeza kwenye mwanga. Hakulenga. Aliizungusha, akalipapasa tundu kwa ukucha wa kidole gumba.

"Mama," akasema. Kwenye kazi kila siku alikuwa anamwita mtahini. "Hii siyo ile."

Kwa upande wa pili wa gari, mwalimu wa hesabu alikuwa anawaonyesha wenzake Kilimia, anahesabu nyota zake kwa sauti.

"Nimeshika ile ya kweli kila jioni kwa wiki nne," Masafa akasema. "Hii uzi unaingia wenyewe. Nipe ile, Mama."

Alisema kwa upole uleule wa bawaba ya mlango. Gia Moja alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni, aibu ya moto, kule ambako kila kitu kilikuwa kinaganda. Akatoa sindano ya kanuni, akampa.

Mara ya kwanza uzi ulipita kushoto. Mara ya pili Masafa aliulamba, akaunyoosha, akashusha pumzi, akalenga, ukapinda. Mara ya tatu alikaa muda mrefu, na mtahini akajikuta anaomba. Uzi ulipita kulia.

Masafa alitazama sindano, akatazama gari, akawatazama wale walimu sita wanaoonyeshana mbingu. Akachomoa ufunguo mfukoni.

"Mimi siendeshi," akasema. "Tutashuka nawe."

Akauweka ufunguo kwenye kiganja cha mama mkwe wake, akakifunga kiganja hicho kwa mikono yake yote miwili.

Kanuni ni kanuni, kwa hiyo Gia Moja naye alitunga. Mara ya kwanza alikosa, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukosa tangu siku ya turubai. Akajifuta macho kwa kiwiko, akajirudi, akatunga. Kisha akawashusha kwa gia moja, taa ndogo mpaka walipoyapita majumba ya darubini, Masafa kando yake ameweka mikono magotini kama mtoto wa shule. Hawakusema neno. Walimu nyuma walidhani ni utulivu wa wataalamu.

Kituo cha kati walimchukua yule mwenzao wa kichwa, na Gia Moja aliwaambia wote watazame juu tena. Hii ni siri wasiyoijua wengi: kileleni macho nayo hukosa hewa, yakapunguza kuona. Ukishuka hadi kati, yanarudiwa na nguvu zake, na nyota zinaongezeka mbele yako kana kwamba kuna mtu anazimwaga. Walimu walipokuwa wanashangaa, Masafa alichukua chupa, akadondosha tone kwenye ringi. Likatulia. Akasema kwa sauti ya chini, lakini mama mkwe wake alimsikia, kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Asubuhi mtahini alijaza fomu. Fomu ile ina mstari mmoja wa matokeo, kapita au kashindwa, na nafasi ndogo ya maelezo. Hakuandika kapita, wala hakuandika kashindwa. Aliandika: "Jaribio halihesabiki. Mtahini alimpa mwombaji sindano isiyo ya kanuni ili amsaidie. Mwombaji aliikataa. Kisha alishindwa kwa sindano ya kanuni na akakataa kuendesha gari lenye abiria, bila kuambiwa." Akatia sahihi, akaambatanisha sindano ya makoti kwa pini.

Mkuu wa kituo alisoma, akarudia, akaitazama sindano kwa muda kama mtu aliyeletewa mdudu.

"Unajua nikiipokea karatasi hii itanibidi nifanye nini?"

"Ningekuwa wewe ningekuwa nimeshafanya," Gia Moja akamjibu.

Alimvua utahini kwa miezi sita. Kuendesha aliachiwa, maana hakuna aliyekuwa na wazimu wa kumzuia kuendesha. Jaribio lilifutwa kwa kosa la mtahini, na mwombaji akabakiwa na nafasi yake ya tatu, mbele ya Kofia, atakayerudi kazini tarehe ishirini na sita. Mkuu alisema yote hayo bila kupandisha sauti, halafu akasimama kumfungulia mlango, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Kilichombakia ni binti. Alikwenda kwake siku hiyohiyo, akamkuta amelala kiubavu anakunja nguo ndogondogo. Masafa alikuwa hajamweleza habari ya sindano. Alimwambia tu kwamba mkono ulikataa. Basi Gia Moja akaketi kitandani, akajieleza mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, bila kujipunguzia. Binti alimtazama, mdomo wazi.

"Yaani wewe," akasema. "Wewe, Mama. Umeiba mtihani."

Akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika tumbo, akacheka hadi Masafa akatoka uani mbio akidhani uchungu umeanza kabla ya siku zake. Gia Moja alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka naye, kisha wote wawili wakalia kidogo, kama wanavyofanya watu waliokuwa wamenuniana bure. Binti alimwambia mumewe aende akalale. Tangu siku hiyo, alisema, sindano ni dakika kumi tu na saa mbili usiku kila mtu kitandani.

Tarehe ishirini na nane gari liliondoka kituoni na Kofia kiti cha mbele, amewekewa mto nyuma ya mgongo. Gia Moja aliomba siti ya nyuma kabisa, kama abiria. Alipewa koti la kuazima. Kituo cha kati alikaa dakika arobaini bila kufanya kazi yoyote, akaona ni ndefu kweli, na akawaelewa kidogo wote waliowahi kumlalamikia. Hakuwaambia.

Kileleni jua lilipokuwa linagusa mawingu, alisikia changarawe ikilia chini ya magoti ya mtu. Ni Masafa na tochi yake, anakagua matairi. Kwa hiyo yeye hakuwa na la kufanya ila kutazama. Miaka ishirini na tisa! Mawingu yalikuwa ya dhahabu, halafu ya shaba, halafu ya majivu, na kivuli cha mlima kikarefuka hadi kikagusa ukingo wa dunia. Alifurahi kiasi kwamba ilimbidi ashike mlango wa gari. Alisema kwa sauti, bila kumlenga mtu, kwamba kumbe hiki ndicho wanachokifuata.

Kwenye tochi nyekundu Masafa alitunga mara ya pili. Kofia akaitikia kwa kichwa. Wakashuka kwa taa ndogo, kona ya pili ikapita katika weusi wake wote, hakuna aliyetoka na soksi. Gia ilikuwa ya kwanza, moja kwa moja. Kijana mmoja aliyeketi karibu na Gia Moja alivumilia kona sita, kisha akamwinamia.

"Samahani, Mama. Huyu dereva hana gia nyingine?"

"Anazo," akasema. "Wewe kawia ufike."

Kituo cha kati abiria waliinua nyuso kutazama nyota, kasoro mmoja. Gia Moja alikuwa anatazama ringi ya mbele. Kofia hakuweza kuinama kwa sababu ya mgongo, kwa hiyo alimwambia dereva adondoshe maji mwenyewe. Masafa alichovya kidole chake kinene. Tone lilianguka kwenye chuma, likatulia hapo, dogo, likishika mwanga wa mlangoni. Kofia aliandika kwenye ubao, akapiga mstari chini ya alichoandika.

Masafa hakumwangalia Kofia. Alitoa simu, akampigia mkewe, na alipoulizwa imekuwaje alisema breki ni baridi, anarudi nyumbani.